Koyasan kwa Usiku Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kuzuru Mlima Mtakatifu wa Japani

Wageni wengi wanaokwenda Koyasan hupanda asubuhi na kushuka kabla jua halijazama. Nianze kwa kusema wazi kwamba ziara ya namna hiyo itakupa picha nzuri, lakini utaupita mlima kando. Koyasan ina nyakati mbili za kufunguka: jioni, mabasi ya watalii yakishaondoka, na alfajiri, watawa wanapoanza visomo vyao. Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya sharti moja: lala huko, hata kama ni usiku mmoja tu na bajeti yako ni ya kubana.

Fahamu kwanza unakwenda kwa nani

Koyasan si hekalu moja. Ni mji mzima wenye mahekalu 117, uliojengwa kwenye bonde tambarare lililo mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, mkoani Wakayama, kusini mwa Osaka. Vilele vinane vinalizunguka bonde hilo, na waumini huvitaja kuwa ni petali za ua la yungiyungi.

Mwanzilishi wake ni mtawa Kukai, mzaliwa wa kisiwa cha Shikoku, mwaka 774. Mwaka 804 alivuka bahari kwenda China, akasoma mjini Chang'an kwa mwalimu Huiguo, na mwaka 806 akarejea na mafundisho ya Ubudha wa siri ambayo Japani yanaitwa Shingon. Fundisho lake kubwa lilikuwa kwamba mtu anaweza kuwa Budha katika mwili huu huu alio nao, bila kungoja kuzaliwa upya mara nyingi. Mwaka 816 Mfalme Mkuu Saga alimpa mlima huu ili aanzishe kituo cha mafunzo mbali na kelele za mji mkuu.

Mwaka 835 ndipo inapoanza habari ambayo mgeni hana budi kuishika. Vitabu vya historia vitakwambia Kukai alifariki mwaka huo. Wafuasi wake hawasemi hivyo. Wanasema aliingia katika tafakuri isiyokoma, na kwamba mpaka leo yumo ndani ya kaburi lake msituni, hai, akiwaombea viumbe wote huku akimngoja Miroku, yaani Budha atakayekuja. Ndiyo maana hadi leo anapelekewa chakula mara mbili kwa siku. Baada ya kifo chake, mwaka 921, alipewa jina la heshima la Kobo Daishi, na jina hilo ndilo utakalolisikia mlimani kila kona. Ukilijua hili, kila adabu unayotakiwa kuishika kule itakuwa na maana kwako, kwa sababu umekuja nyumbani kwa mwenyeji ambaye, kwa imani ya wenyewe, yupo.

Maandalizi: viza, majira na nafasi ya kulala

Wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya Japani, na maombi hupelekwa kwenye ubalozi wa Japani wa nchi unayoishi. Ubalozi huomba ratiba ya safari ya siku kwa siku pamoja na mahali utakapolala, kwa hiyo nafasi ya hekaluni iweke mapema na uiandike kwenye ratiba hiyo. Uwanja wa ndege wa kutua ni Kansai, ulio kando ya Osaka. Kuna ndege zinazofika hapo moja kwa moja kutoka Dubai, Doha na Istanbul, miji ambayo wasafiri wa Afrika Mashariki wameshaizoea. Ukitua Tokyo kwanza, hesabu safari nyingine ya saa mbili na nusu kwa treni ya kasi hadi Shin-Osaka.

Kuhusu majira, mimi ningechagua mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba, majani ya miti yanapogeuka mekundu na ya dhahabu. Tatizo ni kwamba Wajapani nao wanachagua hivyohivyo, na vyumba huisha miezi kadhaa kabla. Mei ni mwezi mzuri pia, ila epuka wiki yake ya kwanza, kwa kuwa ni wiki ya likizo nchi nzima. Juni na nusu ya kwanza ya Julai ni mvua. Agosti mlimani huwa na ubaridi mzuri wakati Osaka inachemka, na usiku wa tarehe 13 mwezi huo njia ya makaburini huwashwa mishumaa kwa maelfu. Januari na Februari kuna theluji, joto hushuka chini ya sifuri, na majengo ya zamani ya mbao na karatasi hayazuii baridi kama nyumba za matofali. Anayetoka Mombasa au Zanzibar asiende miezi hiyo bila koti zito, soksi za sufu na nguo za ndani za kutunza joto. Hata Oktoba, usiku ni baridi.

Mahekalu takriban 50 yanapokea wageni wa kulala. Malazi ya aina hii yanaitwa *shukubo*. Unaweza kuweka nafasi kupitia chama cha shukubo cha Koyasan, kupitia tovuti za kawaida za hoteli, au kwa kuliandikia hekalu lenyewe. Bei huanza takriban yen 12,000 kwa mtu na hupita 20,000 kwa urahisi, lakini ndani yake kuna chakula cha jioni, kifungua kinywa na ibada ya asubuhi. Eko-in hupendwa na wageni kwa sababu watawa wake hueleza mambo kwa Kiingereza, huwasha moto wa ibada ya *goma* asubuhi, na huongoza matembezi ya usiku makaburini. Shojoshin-in liko hatua chache kutoka mlango wa msitu, na Fukuchi-in lina bafu la maji ya chemchemi ya moto. Ukiwa unasafiri peke yako, uliza kabla ya kulipa, maana baadhi ya mahekalu hayachukui mgeni mmoja siku za msongamano.

Wakati wa kuweka nafasi ndipo pa kueleza habari za chakula. Chakula cha watawa, *shojin ryori*, hakina nyama, samaki, vitunguu wala vitunguu saumu. Muislamu atafurahi kusikia hivyo, ila asiridhike haraka. Mapishi ya Kijapani hutumia *mirin*, kiungo kitamu chenye pombe, na mahekalu mengi huwauzia wageni *sake* mezani. Andika mapema, kwa maneno machache, kwamba hutumii pombe hata ndani ya chakula. Kibla kutoka Koyasan ni magharibi, kikielekea kaskazini kidogo, na chumba chenye mikeka safi unapoingia bila viatu hakina shida kwa swala. Muislamu au Mkristo anayesita kuingia kwenye ibada isiyo yake ajue kwamba halazimishwi chochote. Ukikaa nyuma kwa utulivu, bila kufukiza ubani wala kuinama, hakuna atakayekuhoji.

Chukua fedha taslimu. Sanduku za sadaka, mishumaa, mihuri ya hija na maduka madogo vinataka sarafu. Ofisi ya posta mjini ina mashine inayokubali kadi za nje, lakini usiitegemee usiku.

Safari ya kupanda

Anzia stesheni ya Namba, Osaka, ila angalia vizuri: unayoitaka ni Namba ya kampuni ya Nankai, si ile ya treni za chini ya ardhi yenye jina hilohilo. Unapanda treni ya njia ya Koya mpaka mwisho wa reli, Gokurakubashi. Kuna treni maalumu ya haraka iitwayo Koya, yenye viti vya kuwekewa nafasi na nyongeza ya nauli, inayotumia dakika 80 hivi. Treni za kawaida ni nafuu, huchukua muda zaidi, na mara nyingi utabadili Hashimoto. Ukitoka uwanja wa Kansai huna haja ya kufika Namba: shuka Tengachaya, vuka upande wa pili, upande ya Koya. Wenye pasi ya JR, kundi kuu la kampuni za reli Japani, wajue haifanyi kazi kwenye reli za Nankai. Uliza dirishani kuhusu tiketi ya pamoja ya Koyasan, inayojumuisha treni ya kwenda na kurudi, mabasi ya mlimani na punguzo la viingilio. Kwa anayelala usiku mmoja mara nyingi inalipa.

Baada ya Hashimoto kaa dirishani. Reli inaanza kujipinda, mahandaki yanafuatana, na chini yako kuna mabonde yenye mashamba ya *kaki*, tunda la rangi ya chungwa ambalo mkoa wa Wakayama unaongoza nchi nzima kwa kulilima. Ukifika Gokurakubashi unahamia kwenye behewa linalovutwa kwa kamba ya chuma, lililoanza kazi 1930. Linapanda mita 328 za wima kwa dakika tano, na mteremko ni mkali kiasi kwamba behewa lenyewe lina ngazi ndani.

Juu, nje ya stesheni, panda basi. Usijaribu kutembea: barabara ya kutoka stesheni hadi mjini ni ya mabasi peke yake na waenda kwa miguu hawaruhusiwi. Basi la kwanza husimama Nyonindo, jengo dogo la mbao ambalo watu wengi hulipita bila kuliangalia. Shuka hapo ukiweza. Kwa zaidi ya miaka elfu moja wanawake walikatazwa kuingia mji huu. Walikuja kutoka mbali, wakasali kwenye vibanda vilivyowekwa kwenye milango saba ya mlima, kisha wakazunguka kwenye mabega ya vilele wakiutazama mji kwa juu. Serikali iliondoa katazo hilo 1872, na mlima wenyewe ulichukua miaka mingi zaidi kuukubali uamuzi huo. Kati ya vibanda vile saba kimebaki hiki kimoja. Mwanamke anayepita hapo leo akiwa na mkoba wake begani na tiketi mkononi anapita mahali ambapo wenzake waliishia.

Sanduku kubwa liache kwenye makabati ya stesheni ya Namba au hotelini Osaka, upande na begi la mgongoni tu.

Mchana wa kwanza: Garan na Kongobuji

Panga ufike mjini kabla ya saa saba mchana. (Natumia saa za Kiswahili, kwenye ratiba za Japani hiyo itakuwa 13:00.) Liache begi hekaluni kwako, halafu nenda Danjo Garan, uwanja ambao Kukai aliuanzia kujenga.

Jengo litakalokuvuta ni Konpon Daito, mnara mwekundu wa urefu wa karibu mita 48.5. Moto wa radi umeteketeza majengo ya mlima huu mara nyingi, na mnara uliopo ulikamilika 1937. Lipa kiingilio uingie ndani, hata kama umeamua kubana matumizi mahali pengine. Katikati amekaa Dainichi, Budha wa ulimwengu wote, akiwa wa rangi ya dhahabu. Pembeni yake wako Mabudha wanne. Na kwenye nguzo 16 zinazowazunguka wamechorwa watakatifu. Mchoro ambao kwa kawaida hutundikwa ukutani kama ramani ya ulimwengu wa kiroho, Kukai aliutaka usimame ili mtu aingie na kutembea ndani yake. Zunguka polepole kwa mwelekeo wa saa. Kupiga picha ndani hakuruhusiwi.

Mbele ya mnara kuna msonobari uliozungushiwa uzio, na karibu kila saa utakuta watu wazima wameinama wakichunguza ardhi. Simulizi inasema Kukai, kabla ya kuondoka China, alirusha angani chombo cha ibada chenye ncha tatu ili kimwonyeshe pa kujenga, na akakikuta kimenasa kwenye msonobari huu. Majani ya misonobari mingi ya Japani huota mawilimawili. Ya mti huu mengine huota matatumatatu. Anayeokota lenye ncha tatu hulitia kwenye pochi kwa ajili ya baraka. Okota lililoanguka tu, usiguse matawi.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Kongobuji, hekalu kuu la madhehebu. Lilijengwa 1593 na mtawala Toyotomi Hideyoshi kwa kumkumbuka mama yake. Miaka miwili baadaye, mpwa wake Hidetsugu aliamriwa kujiua katika chumba kimojawapo humo, chumba chenye michoro ya mierebi. Utakipita na kukisoma kibao chake. Kabla hujaingia tazama paa. Juu ya gome la miti lililotandazwa kwa unene kuna mapipa ya mbao yenye maji ya mvua, yaliyowekwa ili cheche za moto zikiruka yamwagwe haraka. Ndani, usikimbilie kutoka baada ya kuona bustani ya mawe ya Banryutei, iliyotengenezwa 1984 na kuwa kubwa kuliko zote za aina yake Japani. Endelea hadi jikoni. Masufuria matatu makubwa yaliyojengewa kwenye jiko la udongo yaliweza kupika wali wa kuwatosha watu wapatao 2,000 kwa mpigo mmoja, na nguzo zote juu yake zimekuwa nyeusi kwa moshi. Kwangu mimi jiko lile linaeleza ukubwa wa mji huu wa watawa kuliko bustani.

Kongobuji hufungwa saa kumi na moja jioni na mapokezi husimama nusu saa kabla. Hekalu lako nalo linakutarajia mapema, kwa kawaida kati ya saa tisa na saa kumi na moja.

Jioni hekaluni

Viatu huvuliwa mlangoni. Unapewa ndala za ukumbini, nazo unazivua tena kabla ya kukanyaga *tatami*, mikeka minene ya chumbani. Chooni kuna ndala zake peke yake, usitoke nazo. Chumba huwa hakina kitanda. Kuna meza fupi, birika la chai, na wakati unakula mtu atakuja kukutandikia godoro sakafuni. Milango ni ya karatasi, kwa hiyo sauti yako inasikika chumba cha pili.

Bafu ni la pamoja, wanaume kwao na wanawake kwao, na watu huoga uchi. Kaa kwenye kigoda, jisugue na kujisuuza kabisa, ndipo uingie kwenye beseni la maji ya moto, ambalo ni la kupumzika tu. Asiyeweza kuoga mbele za watu aulize kama kuna chumba chenye bafu ndani au saa ambayo bafu huwa tupu.

Chakula huletwa saa kumi na moja na nusu hadi saa kumi na mbili jioni, katika meza ndogo za rangi nyekundu au nyeusi. Anza na *goma-dofu*. Kwa macho ni tofu, lakini haina soya: ni ufuta uliosagwa ukakorogwa na wanga mpaka ukashikana, laini, na ladha ya ufuta inabaki mdomoni. Halafu kuna *koya-dofu*, tofu iliyogandishwa na kukaushwa, ambayo ikichemshwa hunywa mchuzi wote na kuwa kama sponji. Njia hiyo ya kuhifadhi ilitokana na baridi ya usiku wa mlimani. Kula ulichopewa chote.

Usilale bado. Vaa koti, uliza mlango wa hekalu unafungwa saa ngapi (mara nyingi ni saa tatu usiku), uende Okunoin.

Okunoin

Okunoin ni msitu wa makaburi ulio mashariki mwa mji, na kwa ndani kabisa ndiko aliko Kobo Daishi. Kosa la kawaida la wageni ni kuteremka kituo cha Okunoin-mae, kwa kuwa jina ndilo linalosomeka kwenye ramani. Kituo hicho kinakuingiza katikati, upande wa makaburi mapya ya makampuni, na unakuwa umeikosa nusu nzuri zaidi ya njia. Teremka Ichinohashi, daraja la kwanza. Kutoka hapo hadi kaburini ni kilomita mbili za njia ya mawe.

Inaaminika Kobo Daishi huja mpaka daraja hilo kuwapokea wageni na huwasindikiza wakati wa kuondoka. Kwa hiyo unasimama, unaunganisha viganja, unainama. Ndiyo hodi yako. Ukirudi, unageuka na kuinama tena.

Mara baada ya daraja mierezi inakufunika. Ni miti ya karne nyingi, minene kiasi kwamba watu watatu hawaufikii mduara wa mmoja, na chini yake kuna makaburi na minara ya ukumbusho zaidi ya 200,000. Mengi si makaburi ya mwili mzima. Familia huleta unywele au kipande cha mfupa ili ndugu yao awe karibu na Daishi siku Miroku atakapokuja. Chagua mnara mmoja wa mawe uusome kutoka chini kwenda juu: mchemraba, tufe, paa la pembe, nusu duara, na tone lenye ncha. Ni ardhi, maji, moto, upepo na anga, na ukishautambua mmoja utauona kila mahali, mwingine mrefu kuliko mtu, mwingine wa kimo cha goti, umevishwa kuvu la kijani mpaka maandishi yamemezwa.

Maadui wamelala jirani hapa. Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, waliopigana miaka na miaka katika karne ya 16, wana kumbukumbu zao pande mbili za njia moja. Oda Nobunaga, ambaye majeshi yake yalikuwa yakiuzingira mlima huu hadi alipouawa 1582, amewekewa jiwe. Akechi Mitsuhide, jemadari aliyemsaliti, naye analo, na limepasuka. Wenyeji hulisimulia kwamba halitengenezeki. Kwangu jambo hili lina uzito kuliko minara yote ya mjini: mlima ulikubali kumtunza hata aliyetaka kuuchoma.

Kila mahali utaona vijisanamu vya Jizo, mlinzi wa watoto na wasafiri, vimevishwa vitambaa vyekundu shingoni, vingine na kofia za kufumwa. Wengi wa waliovivisha ni wazazi waliofiwa na watoto. Usiviguse, usivipange upya kwa ajili ya picha.

Usiku, taa za njiani zina mwanga mdogo na kilomita zile mbili zinakuwa ndefu. Fuata njia kuu, shika tochi lakini isimulike usoni kwa watu, na ongea kwa sauti ya chini. Ukipenda maelezo, jiunge na matembezi yanayoongozwa na mtawa. Mwisho wa njia ni daraja la tatu, Gobyobashi. Kabla ya kulivuka kuna safu ya sanamu za shaba kando ya mto. Watu huzimwagia maji kwa kuwaombea marehemu wao. Ukivuka daraja umeingia sehemu takatifu kabisa: vua kofia, zima kamera, usile wala kunywa. Sheria hiyo ya picha ishike hata ukiwa peke yako.

Mbele ni Torodo, ukumbi wenye taa zaidi ya 10,000 zilizotolewa na waumini. Mbili kati yake zinasemekana kuwaka bila kuzimika kwa zaidi ya miaka 900. Mojawapo inasimuliwa kuwa ya mwanamke fukara aitwaye Oteru, aliyekata nywele zake akaziuza ili apate taa moja ya kuwaombea wazazi waliomlea. Usiku ukumbi huwa umefungwa, lakini unaweza kuuzunguka hadi nyuma, mahali waumini wanaposimama kulikabili kaburi lenyewe, na mara nyingi utamkuta mtu hapo akisoma sala kwa kunong'ona. Mpe nafasi.

Asubuhi ya pili

Ibada ya hekaluni huanza saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu. Fika dakika tano kabla, umevaa nguo zako za kawaida badala ya joho la kulalia la hotelini. Ukumbi una giza, taa ni chache, na watawa huimba maandiko kwa sauti nzito inayopanda na kushuka kwa dakika 30 hadi saa nzima. Si lazima upige magoti. Kaa kwa kukunja miguu, au uombe kigoda kama magoti yanauma. Mgeni huitwa mbele kuchukua chembe za ubani na kuzidondosha kwenye makaa. Ukitaka, fanya, usipotaka, inamisha kichwa kidogo tu na wataendelea na mwingine.

Baada ya kifungua kinywa rudi Okunoin kwa mchana. Narudia makusudi, kwani saa nne na nusu asubuhi ndipo chakula cha pili cha Daishi kinapopelekwa, cha kwanza kikiwa kimepelekwa saa kumi na mbili. Simama karibu na Gobyobashi dakika 15 kabla. Watawa wawili wanatoka jikoni na sanduku la mbao nyeupe mabegani, wakiongozwa na mkuu wao. Hawaendi moja kwa moja darajani. Kwanza wanasimama mbele ya kibanda kidogo cha Jizo anayeitwa mwonjaji, wanampa chakula aonje, wanaomba, ndipo wanavuka. Kule ndani ni yule kiongozi peke yake anayeruhusiwa kumhudumia Daishi. Kaa kando ya njia, usiwafuate kwa karibu, usiwakatize.

Ukiwa upande ule, tafuta kushoto kibanda kidogo chenye tundu. Ndani kuna jiwe la Miroku. Unapitisha mkono mmoja na kujaribu kulitoa rafu ya chini kulipandisha ya juu. Inasemwa kuwa uzito wake hutegemea dhambi za anayelinyanyua.

Kama unakusanya mihuri ya hija, nunua daftari lake na ulipeleke kwenye dirisha la mihuri. Mtawa ataandika kwa brashi mbele yako na kugonga muhuri mwekundu kwa ada ndogo. Piga hatua nyuma, usimpige picha bila ruhusa, na ngoja wino ukauke.

Kwa wanaotaka kupanda kwa miguu

Kabla ya treni, njia ilikuwa Choishimichi, na bado ipo. Inaanzia Jison-in, hekalu lililo mwendo wa nusu saa hivi kutoka stesheni ya Kudoyama. Hapo ndipo mama yake Kukai alipoishi, kwa vile hakuruhusiwa kupanda, na simulizi husema mwanawe alishuka kumwona mara tisa kwa mwezi. Wanawake huja hapo hadi leo kuombea uzazi salama na afya ya matiti.

Kila mita 109 kuna nguzo ya mawe inayozidi kimo cha mtu, na nguzo ni 180 kutoka Jison-in hadi Garan. Zilisimamishwa kati ya 1265 na 1285. Namba zinapungua kadiri unavyopanda, hivyo kila nguzo inakwambia umebakiza kiasi gani. Hesabu kilomita 20 na zaidi, saa sita hadi saba, na uanze kabla ya saa mbili asubuhi. Mwanzo ni mkali kupitia mashamba ya kaki, na nyuma yako unauona mto Kinokawa. Baadaye ni msitu, na maduka hakuna. Beba maji lita mbili, chakula, na koti la mvua. Zawadi ya mwisho ni kutokeza ghafla chini ya Daimon, lango kuu lenye urefu wa mita 25. Lango hilo ni la 1705, na walinzi wake wawili wa mbao wanakutazama kutoka kila upande. Ukipanga kutembea, tenga usiku wa pili. Usichanganye njia hii na ziara ya Okunoin siku moja.

Kuondoka

Angalia saa za basi kabla ya kifungua kinywa, maana behewa la kamba na treni zimeunganishwa nalo, na ukikosa moja unasubiri. Paketi ya koya-dofu iliyokaushwa ni nyepesi na haiharibiki njiani. Utaona pia matawi mabichi ya *koyamaki*, mti wa mlimani unaotumika badala ya maua makaburini. Hayo yaache, kwani forodha za nchi nyingi hazipitishi mimea mibichi.

Utakutana vilevile na watu waliovaa mavazi meupe na fimbo. Hao ni mahujaji waliomaliza mahekalu 88 ya Shikoku, na huja Okunoin kumshukuru Daishi. Ukipenda kuifuata njia yao kwa upande wa mwanzo, shuka Hashimoto, panda treni ya JR hadi Wakayama, ubadili nyingine ya JR hadi Wakayamashi, kisha ya Nankai mpaka bandari ya Wakayamako. Feri inavuka hadi Tokushima kwa saa mbili hivi, na kutoka hapo treni ya wilaya inakufikisha stesheni ya Bando, karibu na Ryozenji, hekalu la kwanza kati ya yale 88.